Kilo 1.8, halafu kilo 3.1

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na kilo 1.8. Wala hakuwa njiti, miezi yake ilitimia. Hakukua vizuri tumboni tu. Nilimbeba kifuani ngozi kwa ngozi wiki tatu, mgongo ukaniuma kama nimelima ekari. Kisa? Mama mkwe: "Mwanangu, ukishiba sana mtoto atanenepa, utapasuliwa." Nikamtii. Nikaongezea udongo wa kula, na malaria mara mbili kwa sababu eti chandarua kinanitia joto. Damu ilishuka hadi 8.2, na mjamzito anatakiwa awe na 11 au zaidi.

Safari hii nilikaa na kijiti cha uzazi wa mpango miaka miwili, ndipo nikakitoa. Kliniki niliwahi mapema. Kasheshe ikawa udongo. Niliuacha, nikahamia mchele mbichi! Mchele wa wiki ukaisha siku nne. Mume wangu akaapa ni panya, akatega mtego kando ya ndoo bila kuniambia. Saa nane usiku napapasa gizani, pa! Nilipiga yowe hadi jirani akaja na panga. Vidole vilivimba, ila aibu ilivimba zaidi. Nesi alipomaliza kucheka akasema, "Mama, hamu hizo mara nyingi ni upungufu wa damu. Vidonge vya kuongeza damu unameza?"

Simezi, vinanitapisha. Mimba ya kwanza vyote viliishia chooni. Sasa nikavimeza wakati wa kulala, pamoja na chungwa, kwani vitamini C husaidia madini ya chuma kuingia mwilini. Huku Muheza machungwa msimu wake ni ya kumwaga, sikuona hata gharama. Chai huyazuia madini hayo, kwa hiyo nikaitenga mbali na chakula. Hapo niliteseka kuliko kwenye udongo.

SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, nilimeza dozi nne mbele ya nesi, nikiachanisha mwezi mwezi. Usisubiri homa: vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akapunjwa chakula na wewe unajiona mzima. Dagaa na maharage nilikula mpaka nikafichiwa sufuria.

Mizani ikasoma kilo 3.1, na nimejifungua kawaida, hakuna cha kupasuliwa. Mama mkwe akampakata mjukuu, akamgeuza huku na huku, akaniambia, "Unaona? Si nilikwambia ule kidogo!"