Kitabu cha kuponi Vegas

Jamani, leo nimepatikana.

Nimenunua kitabu cha kuponi za kasino hapa Las Vegas, dola 30. Nikajiona mjanja kweli.

Kuponi ya kwanza: bafe, mlo wa kujipakulia mwenyewe, analipa mmoja mnakula wawili. Mimi nimekuja peke yangu. Huyo wa pili nimtoe wapi?

Nikaenda meza ya karata na kuponi nyingine. Unaweka dola 10 zako juu ya kuponi, ukishinda unalipwa kama uliweka 20.

Nikashindwa. Mgawa karata akazoa hela yangu NA kuponi yangu, kimya kimya, kama anafuta makombo mezani.

Nilichovuna mpaka sasa: fulana moja ya bure. Inanifika magotini.

Mkija wawili labda kitawalipa. Nani amewahi kukitumia? Na aliye Vegas kesho mchana ajitokeze, bafe lipo!