Pipa la mjomba na joto la Novemba

Mvua bado hazijaanza Dodoma. Upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya daftari, na jana saa tisa alasiri simu yangu ilionyesha nyuzi 32. Nikaiandika namba hiyo pembeni ya notisi za thamodinamiki, somo la joto na nishati.

Kisa kilianza Septemba, nilipokwenda Mpunguzi kumsaidia mjomba mavuno ya zabibu. Alikuwa ndani ya pipa tupu la mvinyo na brashi ya chuma, anakwangua vipande vigumu vyekundu vilivyoganda kwenye kuta. "Mjomba," akaniambia, maana naye huniita hivyohivyo, "uchafu huu kila msimu unanimaliza mikono." Nikamwomba aniachie kidogo. Ni chumvi ya potasiamu ya asidi ya tatariki. Pombe inavyoongezeka kwenye mvinyo, chumvi hiyo inashindwa kuyeyuka yote na kuwa fuwele. Nilirudi nazo hosteli kwenye kichupa cha dawa.

Mwaka 1848 huko Paris, Louis Pasteur, kijana wa miaka 25, alishughulika na asidi ya jamii hiyohiyo. Ile ya kawaida ya zabibu, mwanga unaotetema katika bapa moja tu ukipita ndani ya myeyusho wake, huuzungusha kulia. Kulikuwa na nyingine yenye viambato vilevile, lakini haizungushi chochote. Alipoigandisha chumvi yake ya sodiamu na amonia akaona fuwele za namna mbili, zinafanana kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Akazitenga kwa kibano, punje mojamoja, akayeyusha kila kundi peke yake. Moja likauzungusha mwanga kulia, jingine kushoto.

Hayo niliyasoma mwaka jana kwenye kemia ya miundo, nikayapenda sana, nikafunga daftari. Thamodinamiki ilikuwa kozi nyingine kabisa. Huko nilikariri mlinganyo wa nishati huru ya Gibbs, unaoonyesha badiliko lipi linaweza kutokea lenyewe, nikaujibia mtihani, basi.

Wiki iliyopita ndipo nikakuta kwamba chumvi ile ya Pasteur hujitenga kulia na kushoto endapo tu itaganda chini ya takribani nyuzi 27. Juu ya hapo, pande zote mbili huingia kwenye fuwele moja, na kibano hakina kazi. Sababu ni maji! Fuwele zilizotengana hufunga maji mengi ndani yake kuliko ile ya pamoja. Maji yakiachiwa, entropia, yaani kipimo cha mtawanyiko, hupanda. Na kwa kuwa kwenye mlinganyo entropia huzidishwa na halijoto, kadiri joto linavyopanda ndivyo fuwele ya pamoja inavyoshinda. Nilikaa kitandani na kalamu mkononi, sikuweza kuendelea. Mlinganyo nilioukariri ndio ulioamua Pasteur aone nini.

Aliyechunguza mpaka huo wa joto ni Jacobus van 't Hoff wa Uholanzi, yuleyule ambaye mwaka 1874, akiwa na miaka 22, alieleza kwamba vifungo vinne vya atomu ya kaboni huelekea pembe nne za tetrahedroni, yaani piramidi yenye nyuso nne za pembetatu. Nobel yake ya 1901, ya kwanza ya kemia, alipewa kwa sheria za mwendo wa mabadiliko ya kikemia na kanieneo ya osmosi, si kwa tetrahedroni. Mimi nilikuwa nimemgawa kwenye madaftari mawili.

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kuangalia tena: nyuzi 20. Kwa hiyo hapahapa Dodoma, mwezi huuhuu, chumvi ile ingetengana alfajiri na kukataa alasiri. Natamani kuliona hilo kwa macho yangu. Fuwele za pipa hazitoshi, kwa sababu mzabibu hutengeneza asidi ya upande mmoja tu. Nimemwomba fundi sanifu wa maabara atutafutie ile ya mchanganyiko wa kulia na kushoto.

Jioni nimempigia mjomba kumweleza. Amesikiliza mpaka mwisho, akauliza kama pipa la pili asilioshe. Nimemwambia aliache, nakuja Jumamosi.