Tanga silijui, lakini mashindano ya Jumapili yanaanza kwa honi yangu

Klabu ya mashua za tanga haifi kwa kukosa mashua. Zikiwa kuukuu, zimejaa viraka vya faiba na matanga yamepauka kwa jua, watu watashindana tu. Inakufa pale kila mmoja anapotaka kushindana na hakuna anayetaka kubaki kwenye boti ya waamuzi, juani, na honi na daftari. Klabu yetu ndogo upande wa Capri Point, Mwanza, ilikuwa imeshafika karibu na hapo wakati nilipoingia.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mzaliwa wa Magu. Nilikuja pale kama msindikizaji: mtoto wa dada yangu, tunayekaa naye, alikuwa anajifunza Optimist, kile kimashua cha watoto chenye urefu wa mita 2.3 kinachofanana na beseni lenye mlingoti. Nilikuwa nakaa chini ya mti nasahihisha madaftari. Jumapili moja wakakosa mtu wa kuandika muda, katibu akaniangalia. "Mwalimu, si unajua kuhesabu?" Ndivyo nilivyoanza, na mpaka leo kuendesha tanga sijui na wala sina mpango.

Cha kwanza nilichoshughulika nacho ni saa ya kuanza. Mashindano yalikuwa yakipangwa saa nne asubuhi, kwa sababu tu ndivyo ilivyokuwa siku zote na watu wanapenda kuwahi chakula cha mchana. Anayekaa Mwanza akitazama ziwa anajua tatizo lake. Usiku na alfajiri upepo unatoka nchi kavu, kusini-mashariki, unaelekea ziwani. Jua likipanda unachoka, halafu unakata kabisa. Baadaye mchana, ardhi ikishapata joto kuliko maji, hewa ya juu ya ziwa inavutwa kuja huku, na upepo unaingia kutoka kaskazini-magharibi, mzuri, wa kutulia. Hii ni jiografia ya kawaida tu, ila sisi tulikuwa tunaanza mashindano kwenye upepo mmoja na kuyamalizia katikati ya ule ukimya, mashua zimesimama mbele ya jiwe la Bismarck, watoto wanapiga makasia kwa mikono. Wavuvi wa tanga wala hawahitaji darasa la jambo hili: asubuhi hutoka na upepo wa bara, alasiri hurudi na upepo wa ziwa.

Wakati wa likizo ya shule nikawa naandika upepo kila saa, kwa daftari na utepe wa kaseti niliofunga kwenye fimbo. Nikachora grafu, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Mjumbe mmoja akasema, "Sisi tumezoea saa nne, Mwalimu." Mwenyekiti akaitazama ile grafu kwa muda, akasema tujaribu saa nane mchana. Hakuna aliyewahi kuomba turudi kwenye saa nne.

Mstari wa kuanzia ndio kazi niliyoipenda kuliko zote. Huo mstari hauonekani: ni mnyoofu wa kufikirika kati ya mlingoti wa boti ya waamuzi na boya upande wa pili, na lazima ukatane na upepo kwa nyuzi tisini au karibu na hapo. Mashua haiwezi kwenda moja kwa moja upepo unakotoka, inapanda kwa kupiga bisha, kulia kisha kushoto. Ukiuinamisha mstari hata kidogo, ncha moja inakuwa karibu zaidi na boya la juu, yaani la upande upepo unakotoka, na wote watajazana pale wakigongana na kutukanana. Urefu nao una hesabu yake. Mimi nachukua idadi ya mashua, nazidisha kwa urefu wa mashua moja, halafu mara moja na nusu. Laser, mashua ya mtu mmoja, ina urefu wa mita 4.23, kwa hiyo Laser kumi zinataka mstari wa mita 63 hivi. Ukiufanya mfupi wanavunjana; ukiufanya mrefu sana sioni nani kavuka kabla ya wakati.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye maji ya Mwanza kuna mawe. Yale majabali mnayopiga nayo picha yanaendelea chini ya maji, na nanga ikiingia kati ya mawili imekwenda. Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni fundi wetu wa injini. Alifunga kamba ya pili kwenye kisogo cha nanga, yaani upande wa makucha, na juu yake akafunga kidumu cha lita tano kinachoelea. Nanga ikinasa, unaiacha kamba kubwa ilegee, unakwenda kwenye kidumu, unaivuta kwa nyuma ilikoingilia, inatoka. Kamba kubwa yenyewe naiachia mara tano ya kina cha maji, vinginevyo boti inaserereka na mstari wote unaondoka nayo. Maboya yetu ni madumu ya lita ishirini yaliyopakwa rangi ya chungwa, matatumatatu, na uzito wake ni ndoo ya zege iliyochomekwa pete ya nondo. Nimeona picha za maboya ya kujaza upepo yanayotumika Ulaya. Haya yetu hayapasuki.

Bendera sitazieleza sana. Dakika tano kabla, bendera ya kundi inapanda. Dakika nne, ya buluu yenye mraba mweupe katikati. Dakika moja, ile ya buluu inashuka. Sifuri, ya kundi inashuka na wanaondoka. Inayohesabika ni bendera. Honi ni ya kuwashtua tu, na ikigoma kulia mwanzo unabaki halali. Hili lilinisaidia sana kwa sababu honi yetu ya gesi ina tabia zake. Aliyevuka mapema anapandishiwa bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu, arudi aanze upya. Siku ya kwanza kumpandishia yule kijana wangu alinipigia kelele kutoka kwenye maji, "Mama mdogo, sijavuka!" Nikamjibu kwa kipaza sauti kwamba kwenye boti hii hakuna mama mdogo, ageuke. Nyumbani jioni alikula kimya.

Kisha kuna hesabu ya muda, maana mashua zetu hazilingani. Tunatumia mfumo wa Kiingereza uliotokea Portsmouth, ambao kila aina ya mashua ina namba yake: kadiri ilivyo nyepesi kukimbia, ndivyo namba inavyokuwa ndogo. Laser ina kama 1100, Optimist kama 1640. Unachukua muda halisi, unazidisha kwa elfu moja, unagawa kwa namba. Laser ikimaliza kwa dakika 44 inapata 40. Mtoto wa Optimist akifika dakika 20 nyuma yake, kwa 64, anapata 39 na nukta. Kashinda mtoto. Kuna mzee mmoja wa Laser, mtu wa heshima zake mjini, ambaye kila hili likitokea anaomba nirudie kugawa mbele yake, nami narudia kwa furaha kabisa.

Lakini hayo yote ni maji na namba, na vyote viwili vinasikia. Kazi ngumu ilikuwa watu wa kukaa zamu. Kwenye kundi la WhatsApp la klabu ukiuliza "Jumapili nani atasaidia waamuzi?" unapata mikono iliyokunjwa kuomba samahani, na mtu mmoja anatuma salamu za asubuhi. Niliwalaumu kimoyomoyo kwa muda, mpaka nilipokaa na jedwali la pointi. Wa kwanza anapata 1, wa pili 2, na mwenye jumla ndogo mwisho wa msimu ndiye bingwa. Asiyeshindana anaandikiwa idadi ya washiriki kujumlisha moja. Maana yake, aliyejitolea kukaa juani awahudumie wenzake anapata pointi mbaya kuliko aliyeshika mkia. Nani atakubali? Mimi mwenyewe nisingekubali.

Dawa yake ipo na klabu nyingi duniani zinaitumia: aliyekuwa zamu anapewa wastani wa pointi zake mwenyewe katika msimu huo, asipate hasara wala faida. Niliipeleka kwenye kikao, tukaiandika kwenye tangazo la mashindano, na ratiba ya zamu ya msimu mzima ikabandikwa kabla msimu haujaanza. Ukitaka kubadilishana unaruhusiwa, mradi unaleta jina la atakayekushikia. Basi. Mikono ya samahani ikapungua yenyewe.

Halafu, binadamu ni binadamu, mweka hazina wetu akagundua mwanya. Yeye ni mwepesi wa mwili na upepo mkali haumpendi. Ukivuma, yeye siku hiyo hiyo anajitolea zamu, kwa moyo mkunjufu, aukwepe ule upepo na wastani wake ubaki salama. Ilibidi tuongeze kifungu: wastani ni kwa zamu mbili tu kwa msimu, na zamu iwe imeandikwa kabla ya utabiri wa wiki hiyo kutoka. Alicheka, akasema Mwalimu ananifuatilia kama wanafunzi wake.

Na nikaanza kuwatazama wale waliokaa chini ya mti kama nilivyokuwa mimi. Wake na waume wanaosubiri, dereva aliyeleta watoto, vijana waliomaliza kidato cha nne wanaongoja matokeo. Kusoma namba ya tanga na kuiandika pamoja na saa hakuhitaji ubaharia. Mama mmoja anayeuza vitambaa Kirumba sasa ana jicho la mstari kunishinda. Akisema namba fulani kavuka, kavuka.

Nje ya klabu kulikuwa na jirani wa kuelewana nao. Tunakaa mbali na njia ya kivuko cha Kamanga, hilo ni wazi, lakini wavuvi nao hutega nyavu, na mkuku wa mashua ukipita juu ya wavu wa mtu umemharibia riziki. Nikaenda kwa mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wa mwalo wa karibu. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kiti, akasikiliza. Mwisho akauliza, "Sasa mwanangu, mnazunguka huko jua lote, mnashindania nini?"

"Kikombe, mzee."

"Cha chai?"

"Hapana mzee. Cha kuweka kabatini."

Alicheka mpaka akakohoa. Tukakubaliana: Jumapili asubuhi ananipigia kunieleza nyavu ziko wapi, nami nasogeza maboya, na boti yetu ya uokoaji ikiwa majini, mtumbwi wowote wa eneo lile ukipata shida tunauendea kama wa kwetu. Mzee huyo ndiye aliyeniambia pia nisiangalie wingu peke yake, niangalie wavuvi. Ukiona mitumbwi inashusha matanga yote kwa pamoja, usisubiri uthibitisho.

Ushauri huo ulifanya kazi alasiri moja ya masika. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ulikuwa umetaja uwezekano wa mvua za radi, jambo ambalo miezi ile hutajwa sana, na tulikuwa tumeanza kwa upepo safi. Ghafla ukakata. Hewa ikawa baridi, inanukia mvua, na kule mbali maji yakawa na mstari mweusi wenye ukingo mweupe. Tanga la mtumbwi wa kwanza likashuka, la pili, la tatu. Nikapandisha bendera ya vibao vya buluu na vyeupe, honi tatu: mashindano yamevunjwa. "Mwalimu, nilikuwa naongoza!" mtu alilalamika akipita. Dhoruba ilipofika Optimist zote zilikuwa zimefungwa nchani mwa kamba ya boti ya uokoaji zikivutwa nyumbani, na Laser mbili zimepinduka karibu na nchi kavu. Tulichukua watu, mashua tukaziacha zielee mpaka baadaye. Kwenye mji uliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, hakuna aliyekuja kubishana nami kuhusu ile honi, hata yule aliyekuwa anaongoza.

Kujua kama wote wamerudi nako kuna kifaa chake: ubao wenye misumari, na kwenye kila msumari kizibo cha soda kilichotobolewa na kuandikwa namba. Anayeingia majini anavaa laifu jaketi na kuchukua kizibo chake, akirudi anakitundika. Msumari ulio wazi ni mtu aliye ziwani. Siku ile nilisimama mbele ya ule ubao nikiwa nimelowa mpaka mifupa, na sikuondoka mpaka msumari wa mwisho ulipofunikwa.

Jambo dogo kwa atakayejitolea kushusha mashua: utasimama kwenye maji ya magotini, na ziwa hili lina kichocho. Nenda kapime, mara kwa mara, umeze prazikwanteli ukiambiwa umeze. Sisi tumeifanya kuwa kawaida kwa wote, watoto kwa watu wazima.

Sasa hivi mzee wa BMU ana ombi. Vijana wake wametuona, wanataka siku moja waje na mitumbwi yao ya tanga, yale matanga ya viroba vilivyoshonwa, tushindane. Kamati imekubali. Shida ni kwamba mtumbwi wa Ziwa Victoria haumo kwenye jedwali la Portsmouth, kwa hiyo lazima namba yao niitafute mwenyewe, kwa kuwapima muda kwenye njia ileile wanayopita Laser, upepo uleule. Upepo wa pembeni wanakimbia kwa kasi mno, sikutarajia. Wakipanda upepo ndipo wanapoachwa. Nimeshawaandikia namba ya muda kwa penseli, na yule mzee wa Laser amekwisha kuja kuniuliza nimeipataje.