Barua iliyotoka mara mbili

"Mwanangu, hii barua nilishaichukua Jumatatu. Leo imetokaje tena?"

Tangu Alhamisi swali hilo la mama wa masijala halinitoki kichwani. Hakupaza sauti. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mkoba. Nikamwambia, "Samahani mama, ni mtambo tu." Akajibu, "Sawa, baba," akaenda zake. Wiki hii tumemaliza kuhamia ghorofa ya tatu na dada kajifungua mtoto wa kike salama salimini, lakini usiku ninachosikia ni ile "sawa, baba".

Haukuwa mtambo. Ilikuwa mimi.

Seva yetu ya printa mnaijua: Debian (aina ya Linux) na CUPS (programu inayosimamia uchapaji) ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na mfumo wa Proxmox, vCPU (prosesa pepe) 2, RAM GB 2, diski GB 20. Kwa ofisi kama yetu inatosha na kubaki. Jumatatu, printa ya korido ikiwa bado inapandishwa ngazi, nilisimamisha foleni ya kuchapa kwa cupsdisable. Amri hiyo huzuia kuchapa tu; kupokea kazi kunaendelea. Kazi 11 zikajipanga, na katika hali hiyohiyo nikapiga snapshoti (nakala ya hali ya mashine pepe, ya kuirudisha nyuma mambo yakiharibika) ili nisasishe mfumo. Printa ilipofika nikafungua foleni, kila mtu akachukua karatasi zake. Alhamisi, baada ya sasisho, kurasa zikaanza kutoka na herufi zisizosomeka. Nikarudisha snapshoti, nikaona foleni imesimama, nikaandika cupsenable ili kuifungua, bila kutazama kilichomo ndani.

Zikatoka zote 11, kwenye korido, watu wakipita. Moja ilikuwa barua yake ya kuomba ruhusa ya matibabu, na ugonjwa umetajwa kwa jina.

CUPS huweka kila kazi kwenye /var/spool/cups katika mafaili mawili: c00412, kwa mfano, hubeba maelezo ya kazi, na d00412-001 hubeba waraka wenyewe. Ukirudisha diski nyuma, mafaili hayo nayo yanarudi, na CUPS haina njia ya kujua kwamba kazi ilishachapwa baadaye. Kuna jingine linalonisumbua zaidi. Hata kazi iliyokwisha kuchapwa, waraka wake hubaki pale sekunde 86400, yaani siku nzima, usipobadilisha mpangilio. Kwa hiyo kila snapshoti na kila bakapu ya usiku imebeba barua za watu za siku hiyo, na mwenye nenosiri la root (msimamizi mkuu wa mfumo) anaweza kuzifungua. Miaka yote hii nimekuwa nikizitunza bila kuulizwa wala kuwauliza wenyewe.

"Leo imetokaje tena?" Alistahili jibu hilo, si lile nililompa.

Sasa nafanya hivi. Kabla ya snapshoti naandika cupsreject korido (korido ndilo jina la foleni), ambayo hukataa kazi mpya, kisha narudia lpstat -o, inayoorodhesha kazi zinazosubiri, mpaka isilete kitu. Hapo ndipo napiga snapshoti, halafu cupsaccept korido ili ianze kupokea tena. Kurudi nyuma ndiko kwenye hatari zaidi: kama foleni ilikuwa wazi wakati wa snapshoti, cupsd (CUPS yenyewe inayofanya kazi nyuma ya pazia) ikiamka tu inaanza kutuma, huna hata nafasi ya kuiwahi. Dawa ni kuikata kadi ya mtandao ya mashine pepe kabla ya kuiwasha. Proxmox ina kisanduku cha Disconnect kwenye net0, yaani kadi hiyo. Unaingia kwa konsoli, unatazama lpstat -o, unafuta kwa cancel -a -x (ile -x ndiyo inayoondoa na nyaraka zenyewe), ndipo unarudisha mtandao. Hii ni kwa printa za mtandao. Ya USB chomoa waya.

Kwenye /etc/cups/cupsd.conf nimeongeza PreserveJobFiles No, yaani nyaraka zisitunzwe baada ya kuchapwa, nikaiwasha upya cups. Hasara yake ni kwamba huwezi tena kurudia kazi ya zamani kutoka kwenye ukurasa wa wavuti wa CUPS (port 631). Mwenye waraka atautuma upya. Naona ni haki.

Kisha nikaihamishia foleni kwenye RAM, kwa mstari mmoja ndani ya /etc/fstab (orodha ya vinavyopachikwa mfumo ukiwaka); tmpfs ni folda inayokaa kwenye RAM, si kwenye diski:

tmpfs /var/spool/cups tmpfs size=512M,mode=0710,uid=root,gid=lp 0 0

Simamisha cups kwanza, futa yaliyomo kwenye folda ya zamani, ndipo uipachike; ukiruka hatua hiyo, nyaraka za zamani zinabaki chini yake kwenye diski, hazionekani lakini zipo. Na wakati wa kupiga snapshoti, kisanduku cha kujumuisha RAM kisiwe na alama, la sivyo foleni itahifadhiwa kupitia mlango huohuo uliodhani umeufunga. Umeme ukikatika ghafla kazi zinazosubiri zinapotea, kwa hiyo seva na swichi ya mtandao ziwe kwenye UPS (betri ya akiba). Printa ya leza usiichomeke humo: ikipasha moto fyuza (sehemu inayogandisha wino kwenye karatasi) huvuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Snapshoti za zamani nimezifuta kwa qm delsnapshot, moja baada ya nyingine, na bakapu zake.

Jana Jumamosi nilijaribu, ofisi ikiwa tupu. Nikasimamisha foleni, nikatuma kurasa tatu, nikapiga snapshoti bila RAM, nikafungua, zikatoka. Nikarudisha nyuma, nikawasha, nikaandika lpstat -o. Hakikutokea kitu. Nikaandika tena. Patupu. Nilikaa pale korido na chupa ya chai, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi kifua kikawa chepesi.

Vilevile nimemtengenezea mama wa masijala foleni ya pili kwenye printa ileile, inaitwa siri, yenye job-hold-until-default=indefinite: kazi inakaa mpaka aseme iachiwe, akiwa amesimama mbele ya printa. Kesho nitamwamkia mapema, kabla hajaketi, nimwambie kwamba haukuwa mtambo.