Siku moja maabara, Tanga: jeni, si jini

Kidonda kisipopona licha ya dawa, wapo wanaosema ni jini; hapa tunatafuta jeni inayompa bakteria usugu.

Saa 1:00 asubuhi. Kopo la diski za dawa, vijikaratasi vyenye antibiotiki vinavyowekwa juu ya bakteria ili kupima duara wasipomea, linatoka kwenye friji na kukaa mezani saa nzima bila kufunguliwa. Ukilifungua likiwa la baridi, unyevu wa pwani hii unatua juu ya diski papo hapo. Dawa za imipenemu na asidi ya klavulani ndizo huwahi kuharibika. Diski iliyolowa hutoa duara dogo, na duara dogo husomeka "sugu". Bakteria asiye na kosa anafunguliwa kesi, na mgonjwa anabadilishiwa dawa bure.

Saa 2:00. Visahani vya jana vinatoka kwenye inkubeta ya nyuzi 35, vimekaa saa 17. Wa kwanza kusomwa ni *E. coli* ATCC 25922, bakteria wa udhibiti ambaye vipimo vya maduara yake vinajulikana. Duara lake la meropenemu, antibiotiki ya akiba, likiwa chini ya milimita 28, hakuna majibu yanayotoka siku hiyo. Watu huliruka hili wakiwa na haraka, na ndilo kosa baya kuliko yote.

Leo udhibiti uko sawa. Bakteria *Klebsiella* kutoka kidonda cha wodi ya upasuaji amemea hadi ukingoni mwa diski ya seftriaksoni: milimita 6, upana wa diski yenyewe. Seftazidimu peke yake 14, ikiwa na klavulani 22. Tofauti ya 5 ilitosha; hii ni 8, kwa hiyo ana vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja dawa kama seftriaksoni lakini huzuiwa na klavulani. Ila meropenemu imesoma 17, na kuanzia 19 kushuka ni sugu. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Saa 3:30. Meropenemu hushindwa kwa njia zaidi ya moja. Bakteria anaweza kuwa na kimeng'enya kinachoivunja dawa, au ana ESBL na juu yake amepoteza vitundu vya ukutani, OmpK35 na OmpK36, ambamo dawa hupenya. Wa kwanza ni hatari zaidi wodini, maana jeni ya kimeng'enya mara nyingi hukaa kwenye plazmidi, kipande cha DNA cha duara kinachohamia kwa bakteria mwingine wakigusana, hata wa aina nyingine.

Kuwatofautisha: kitanzi cha mikrolita 1 cha bakteria kinakorogwa kwenye mililita 2 za mchuzi wa soya, inatumbukizwa diski ya meropenemu ya mikrogramu 10, kisha saa 4 kwenye nyuzi 35. Kimeng'enya kikiwapo, kitaivunja dawa iliyo kwenye diski. Isizidi wala kupungua zaidi ya dakika 15.

Saa 4:00. Wakati hiyo inaiva, PCR, njia ya kunakili jeni mara nyingi hadi ionekane. Koloni moja kwenye mikrolita 200 za maji safi, nyuzi 95 kwa dakika 10, kisha sentrifuji. Mikrolita 2 za maji ya juu zinaingia kwenye mchanganyiko wa 25. Usijaze koloni ukidhani unasaidia: uchafu wao huzuia mmenyuko, unapata "hakuna jeni" ya uongo. Neli moja ya majaribio ina maji matupu badala ya bakteria. Ikitoa mstari, kazi nzima inamwagwa.

Saa 7:30. Diski inatolewa kwenye mchuzi, inakung'utwa ukingoni mwa chupa na kuwekwa kwenye kisahani kilichopakwa sasa hivi *E. coli* yule wa asubuhi: dawa ikiwa imevunjwa, atamea hadi karibu na diski. Kisahani kiwe kimekaushwa, maana matone ya mfuniko hutiririsha bakteria na duara linapinda.

Saa 8:10. Jeli ya agarosi ya asilimia 1.5 chini ya taa: mstari kwenye urefu wa jozi 621 za herufi za DNA. Hiyo ni jeni ya NDM, kimeng'enya kinachovunja meropenemu, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgonjwa aliyepimwa Uswidi mwaka 2008 baada ya kulazwa India. Mstari unasema jeni ipo. Hausemi iko kwenye plazmidi au kromosomu, wala kama inafanya kazi. Ingekosekana pia isingetosha, kwani KPC na OXA-48, jeni nyingine za vimeng'enya vya aina hiyo, hutafutwa kwa vianzishi vyao, vipande vifupi vya DNA vya PCR.

Saa 8:20. Simu wodini haisubiri kesho. "Sista, mgonjwa wa kidonda kitanda cha nne atengwe, glavu na gauni zake ziwe zake, na lile sinki la pembeni lisioshewe vyombo vya dawa." Mabomba ya sinki yana utando ambamo plazmidi hupitishana kwa utulivu.

Saa 9:00. Visahani vya jana vinaingia otoklevu, nyuzi 121, dakika 30 kwa sababu mfuko umejaa. Kwenye daftari pameachwa nafasi ya kesho: duara la milimita 6 hadi 15 linathibitisha kimeng'enya kinafanya kazi. Likiwa 19 au zaidi, licha ya mstari wa leo, sampuli inarudiwa tangu koloni.