Meno matatu ya gia kubwa

Jumatatu kijana mmoja kanitumia picha: gia ya kasti (chuma cha kumimina), meno mawili hayapo, chini kaandika, "Shikamoo mjomba, hii nipige weldingi ya kawaida?" Nilimwambia asiiguse kwanza. Kisha nikajikuta nawaza lile kerezo, mashine ya kuzungusha na kuchonga vyuma, la Mwanjelwa, Mbeya, na ile Juni ya baridi kali.

Ni kerezo la Kiingereza, la zamani. Ndilo lililokuwa likikereza shafti za karasha (mashine za kusaga mawe) za Chunya na za mashine za kumenya kahawa kutoka Mbozi, kwa hiyo likisimama, simu hazikomi. Asubuhi moja gia kubwa ya kwenye spindo, mhimili mkuu unaozunguka, ilikutwa haina meno matatu yaliyofuatana, yamekatika shinani. Hakuna aliyesema kitu, ila ile chaki, kishikio chenye taya kinachofungwa kwenye spindo, iliyokuwa imegoma kufunguka tangu jana yake ilikuwa imeshatoka. Fundi yeyote hapo anajua kilichotokea: mtu kaingiza gia za nyuma (za mwendo wa pole wenye nguvu) bila kuchomoa pini ya gia kubwa, spindo ikajifunga, akaivuta chaki kwa bomba refu. Nguvu yote ya bomba lile inaishia kwenye jino moja au mawili, na kasti haipindi, inakatika. Chaki iliyokaza inatolewa kwa kuweka gogo la mti mgumu juu ya kitanda cha mashine, kisha unazungusha spindo kinyume kwa mkono, gia zikiwa huru, taya likagonge gogo.

Mwenye karakana aliagiza gia mpya ichongwe mjini. Ikaja inang'aa, ikafungwa, ikanguruma. Ile ya zamani ina meno 60 na kipenyo cha nje ni inchi 6.2. Jumlisha 2 kwenye meno, gawanya kwa kipenyo: 62 kwa 6.2, ni DP 10, yaani meno kumi kwa kila inchi ya kipenyo. Ukiipeleka kwenye moduli, kipimo cha meno cha milimita, unapata 2.54, na aliyechonga alikuwa na kikatio cha 2.5. Kipenyo kikatoka milimita 155 badala ya 157.5. Zikilala mezani huoni tofauti, lakini zikikutana na pinioni, gia ndogo inayoshikana nayo, utaisikia hadi barabarani.

Mzee mmoja, mstaafu wa karakana ya reli, aliyekuwa akipita kuota jua na kutukosoa, akaiokota ile iliyovunjika. "Mwanangu, hii bado ina meno hamsini na saba."

Weldingi ya kawaida hakutaka hata kuijadili. Kasti ya kijivu ina kaboni kati ya asilimia 2.5 na 4, nyingi ikiwa imekaa kama vipande vya grafiti. Ukiyeyushia fito ya chuma laini juu yake na pakapoa haraka, kaboni haipati muda wa kurudi kuwa grafiti. Panabaki chuma cheupe, tupa inateleza juu yake, na ufa unapita kando ya weldi. Fito za nikeli zinafaa, ila bei yake mwenye karakana hakutaka kuisikia. Tukakubaliana pini za chuma na brasi, mchanganyiko wa shaba na zinki, ya kuyeyushia juu yake.

Mabaki ya meno tulisawazisha kwa tupa. Grainda inapaka grafiti usoni na brasi haishiki. Kila jino lilipata matundu matatu kwenye upana wake wa milimita 25, biti ya 3.3, kina cha milimita 8, tepu ya M4 ya kukata nyuzi, bila tone la oili. Pini zikafungwa, zikaachwa fupi kidogo kuliko kimo cha jino, ambacho kwa DP 10 ni kama milimita 5.5.

Oili ya miaka mingi imeingia ndani ya kasti, petroli haiifikii. Gia ikalazwa juu ya mkaa kwenye nusu pipa, moto mdogo, ipate joto yote kwa pamoja, maana ile ina spoku: ukichoma ukingo upande mmoja tu, spoku ya upande wa pili ndiyo inayopasuka. Ikatoa moshi mweusi, ikapigwa brashi ya waya, ikarudishwa, mpaka moshi ukaisha.

Kisha tukaibeba na pipa lake hadi ndani, gizani. Juani wekundu wa kwanza hauonekani, na ukishauona juani umeshapitiliza. Mzee alisimama nyuma yangu bila neno. Boraksi, unga wa kusaidia brasi ishike, ikavimba, ikatulia, ikawa kioo. Niligusisha fito ya brasi: ikajikunja kuwa kitone, kikabingirika kikaanguka. "Bado," akasema. Nikazungusha moto kwa upana, si kwenye pini bali pembeni yake, kasti ikaingia wekundu wa kufifia. Nikagusa tena. Safari hii brasi haikusimama. Ilitambaa yenyewe, ikazunguka pini ya kwanza, ikaingia katikati, ikaifuata ya pili. Ukiona moshi mweupe, zinki inaungua: umezidisha moto, na moshi huo ukiuvuta usiku utatetemeka kwa homa. Ulitokea mara moja, nikainua tochi ya moto. Hapo ndipo mkono unapotaka kukimbia, na hapo ndipo haupaswi.

Tukaifukia kwenye majivu makavu na chokaa, milango ikafungwa, kwa sababu upepo wa Mbeya wa Juni unatosha kuipasua. Ilitoka kesho yake ikiwa ya vuguvugu.

Kilichobaki ni tupa tu. Kipande cha bati kilichongwa kwa kufuata meno mazima, kikiwa na jino zima kila upande ili kisihame. Pinioni ikapakwa masizi na oili, ikazungushwa kwa mkono, na kila palipobaki doa jeusi pakaguswa kwa tupa ndogo. Nafasi kati ya meno: kipande cha karatasi kinapita kikiwa kimebanwa bila kuchanika.

Meno yale ni laini kuliko mengine na yataisha mapema. Mzee alisema ni afadhali, kwamba siku mtu akirudia ule ujinga yatang'oka hayo, pinioni ibaki. Labda. Mimi naona gia yenye sehemu dhaifu inayojulikana inawafanya vijana wazoee kuitegemea. Na kuhusu pini hatukuelewana mpaka mwisho: yeye alitaka mbili kwa jino, akisema matundu tisa karibu-karibu yanaudhoofisha ukingo, mimi nikaweka tatu. Kerezo linafanya kazi, lakini sijawahi kukata pasi nzito, yaani kunyoa chuma kingi kwa mpito mmoja, kwa gia za nyuma kiasi cha kujua nani alikuwa sahihi.