Usiku mama alipopima simsim wodini

Usiku wa pili baada ya kupasuliwa nyonga, mama yangu alikaa kitandani akapima simsim. Hapakuwa na simsim. Mkono wake ulichota kwa kikombe kisichokuwepo, ukasawazisha juu kwa kiganja, ukamwaga, na yeye akihesabu: moja, mbili, moja, mbili. Ndivyo alivyouza miaka yote sokoni Arua. Aliponiona akauliza, "Mteja wangu, nikupimie ngapi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema ni majini. Shangazi akaleta piriton ili mama alale, nami nikampa. Hali ikazidi, akauvuta mpira wa mkojo hadi damu ikatoka.

Asubuhi daktari aliuliza kwanza amekula dawa gani. Kumbe piriton huweza kuvuruga akili za wazee. Akanieleza kwamba mzee akipasuliwa, hasa nyonga, anaweza kuchanganyikiwa ghafla siku za mwanzo, zaidi usiku, na maumivu, upungufu wa maji, maambukizi au kukosa usingizi huchochea. Mkojo ulipimwa, ukakutwa na maambukizi, akaanzishiwa antibayotiki.

Yaliyobaki yalikuwa kazi yetu tuliolala mkekani. Miwani yake nilikuwa nimeiacha nyumbani nikihofia isipotee. Ikaletwa siku ile ile. Kitanda kikasogezwa dirishani. Maji, funda kwa funda. Mchana sista alitusaidia kumkalisha kitini, usiku simu zikazimwa. Nikaacha kubishana naye. Akiniita mteja, namjibu taratibu: "Mama, ni mimi mwanao. Uko hospitali, leo Jumatano, mguu umeshatengenezwa." Tulipokezana mimi na kaka tu, ili aone sura zile zile.

Siku ya sita aliniita kwa jina langu, akalalamika kuwa chai haina tangawizi. Nililia.

Tuliporudi nyumbani, kuhesabu chenji kukamshinda. Daktari alikuwa ameshanitajia utafiti wa 1998 wa wagonjwa zaidi ya 1,200 wenye miaka 60 na kuendelea: wiki moja baada ya upasuaji, robo yao hivi walikuwa na shida ya kumbukumbu na kufikiri; baada ya miezi mitatu, kama mmoja kati ya kumi. Hilo lilinipa subira. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji akarudi sokoni, mjukuu akishika pesa. Majina ya wateja wapya bado hayamkai.

Mwezi ujao anatolewa mtoto wa jicho. Nimeshampelekea daktari wa macho karatasi niliyoandika yote: usiku ule, piriton, mkojo, miwani.